Kuhamisha minazi na mitende mikubwa: mizizi iliyokatwa, kina cha shimo na maji

Ndugu msomaji, umeeleza kwamba una minazi miwili yenye urefu wa mita 6 hadi 7, mtende mmoja ambao umekwisha kuzaa mara kadhaa, na mvumo mmoja mkubwa, yote ikiwa imesimama mahali ambapo msingi wa jengo utachimbwa. Umepata washauri wawili wanaopingana. Wa kwanza anataka mizizi ya miti yote ikatwe miezi mitatu kabla ya kuihamisha, makuti yote yaondolewe, na mashimo mapya yachimbwe marefu ili miti isimame yenyewe bila nguzo. Wa pili anasema kila mti ung'olewe na kupandwa siku hiyohiyo, bila kukatwa kuti hata moja. Unauliza yupi afuatwe, na kama mvumo nao unaweza kuhamishwa.

Mshauri wa pili yuko karibu zaidi na ukweli kuhusu minazi na mtende, wa kwanza ana hoja kuhusu mvumo, na pendekezo la mashimo marefu ni la kukataliwa kwa miti yote minne. Sababu ya jibu kugawanyika hivyo imo katika maumbile ya miti yenyewe, na mtu akishayaelewa hahitaji tena kukariri kanuni nyingi.

Mwembe huwa na mizizi mikuu ambayo hunenepa mwaka hadi mwaka, na ukikata mmoja wa mizizi hiyo umekata njia ya maji iliyochukua miaka mingi kujengwa. Minazi, mitende na ndugu zao haina mizizi ya namna hiyo. Mizizi yao yote hutoka kwenye kitako cha shina, kila mmoja ukianza na unene utakaobaki nao hadi kufa, na mipya huendelea kutoka mahali hapohapo muda wote ambao mti uko hai. Fukua udongo taratibu pembeni mwa mnazi uliokomaa na utaliona jambo hili kwa macho: mizizi mingi yenye unene unaokaribiana, wa sentimita moja hivi, imesongamana kwenye kitako, na katikati yake kuna vinundu vifupi vyenye ncha nyeupe ambavyo bado havijagusa udongo. Vinundu hivyo ni mizizi ya kesho. Ukanda huo wa vinundu ukikauka, ukipondwa au ukioza, hakuna bonge, yaani udongo unaong'olewa pamoja na mizizi, hata liwe kubwa kiasi gani, litakalouokoa mti.

Kuna mambo mengine mawili ya maumbile yanayofaa kukumbukwa. Shina la miti hii halina ile tabaka hai chini ya gome ambayo katika miti mingine hunenepesha shina na kufunika majeraha. Kovu la mnyororo au tundu la msumari litabaki hapo kwa maisha yote ya mti, na ndipo ukungu unaoozesha shina hupenyea. Aidha, mnazi una kilele kimoja tu cha ukuaji, sehemu laini iliyofichika katikati ya makuti, na kikifa hakuna chipukizi jingine la kushika nafasi yake. Kwa upande wa neema, shina hilohilo ni ghala la maji na wanga, na ghala hilo ndilo linaloutunza mti kati ya siku mizizi inapokatwa na siku mizizi mipya inapoanza kunywa. Kazi yote ya kuhamisha ni kuufanya muda huo uwe mfupi na kuhakikisha akiba haiishi kabla yake.

Sasa nije kwenye suala la kukata mizizi mapema. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Florida, Timothy Broschat na Henry Donselman, walichunguza katika miaka ya 1980 kinachoupata mzizi baada ya kukatwa, na wakakuta kwamba kila aina ina tabia yake. Katika mnazi, takribani nusu ya mizizi iliyokatwa huendelea kuishi na kutoa matawi, na haijalishi sana kipande kilichobaki kina urefu gani. Katika sabali ya Florida, aina ya mti wa jamii hiihii inayojulikana kitaalamu kama Sabal palmetto, karibu mizizi yote iliyokatwa hufa hadi kwenye kitako na mti hulazimika kuanza upya na mizizi mipya kabisa. Katika aina nyingine, ukiwemo mkindu na ile mikubwa ya kupamba barabara iitwayo Roystonea, mizizi iliyoachwa mirefu hunusurika kwa wingi kuliko iliyokatwa karibu na shina.

Matokeo hayo yanaamua mambo mengi. Kwa minazi yako, kuchimba bonge kubwa mno hakukuongezei faida inayolingana na uzito wake, na kukata mizizi mapema ni kazi isiyo ya lazima. Mtende nao huhamishika kwa urahisi, kwa kuwa kitako chake hutoa mizizi mipya kwa wingi. Mitende iliyokomaa kutoka mashamba ya Bonde la Coachella huko California imekuwa iking'olewa na kupandwa kwenye bustani za miji mingine ikiwa tayari ni mirefu kuliko nyumba. Hata hivyo, kwa kuwa ni ndugu wa mkindu, uachie mizizi mirefu kidogo kuliko ya minazi. Sabali, ambayo huna, ndiyo inayofaa kuondolewa makuti yote, maana haitakuwa na mzizi wowote wa kunywea kwa miezi kadhaa. Nashuku ushauri wa kukata kila kuti ulitoka kwa watu waliozoea aina hiyo, kisha ukaenezwa kwa aina zote bila kuulizwa maswali.

Ukubwa wa bonge utategemea pia udongo na chombo cha kunyanyulia ulicho nacho. Kwa miti iliyo chini ya mita 5, wakulima wa vitalu vikubwa huridhika na sentimita 20 kutoka uso wa shina. Kwa minazi ya urefu ulioutaja ningeacha sentimita 30 hadi 45 kila upande, na kwa mtende zaidi kidogo ikiwa winchi inaruhusu. Piga hesabu kabla ya kuita mtu: bonge lenye upana wa mita 1.3 na kina cha sentimita 80 lina ujazo unaozidi mita moja ya ujazo, yaani tani moja na nusu hadi mbili za udongo mbichi, na shina lenyewe bado halijapimwa. Wengi huagiza winchi ndogo kwa kuangalia mti na kusahau kinachoning'inia chini yake.

Msimu unaofaa ni ule wa joto, hasa mvua zinapoanza, kwa sababu mizizi ya miti hii hukua vizuri udongo ukiwa na joto na huzubaa ukipoa chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Mti uliohamishwa wakati wa baridi hautakufa siku ile; utakaa tu, ukila akiba yake, ukingoja.

Siku mbili tatu kabla ya kuchimba, mwagilia udongo uloe vizuri, kwa faida ya mti na ili bonge lishikamane. Kata mizizi kwa sepetu yenye makali au kwa msumeno, usiache meno ya mashine ya kuchimbia yaivute na kuichana hadi kwenye kitako, kwa kuwa mchaniko huo huingia ndani ya ukanda wa vinundu niliokwisha kuueleza. Katika mchanga bonge litamomonyoka hata ukiwa mwangalifu. Lifunge kwa magunia mabichi na kamba mara linapoonekana, kabla ya kulikata kwa chini. Mizizi iliyo wazi isikae juani hata kwa saa moja. Ukipata dharura ya kuchelewa kupanda, weka mti kivulini, funika bonge kwa magunia na uyanyunyizie maji mara kwa mara, lakini mpango uwe kupanda siku hiyohiyo. Katika hili mshauri wako wa pili amesema kweli.

Kuhusu makuti, usimfuate yeyote kati ya washauri hao wawili. Ondoa yale ya chini yaliyozeeka, hadi kufikia nusu au theluthi mbili ya yote, ili kupunguza maji yanayopotea, na yaliyobaki yakusanye juu uyafunge kwa kamba laini wakati wa safari. Kama una uhakika wa maji ya kutosha mahali papya, unaweza kuacha mengi zaidi, kwa sababu kila kuti bichi linatengeneza chakula cha kujengea mizizi. Baada ya kupanda, ni bora ufungue kamba mapema. Kuna desturi ya kuyaacha makuti yamefungwa kwa wiki kadhaa, lakini mahali penye unyevu hewani fungu hilo hukaa bichi ndani na kualika ukungu kwenye kilele. Tumia msumeno wa mkono uliosafishwa kwa dawa ya kuulia vijidudu kila unapohama mti mmoja kwenda mwingine. Mitende ya Visiwa vya Kanari imepoteza maisha sehemu nyingi kwa ugonjwa wa ukungu uitwao fuzari unaosambazwa na misumeno ya watu waliokuja kuipendezesha.

Kunyanyua ndiko kunakoharibu miti mingi bila mwenyewe kujua. Funika shina kwa magunia yaliyokunjwa mara kadhaa, zungushia mikanda mipana ya nailoni mahali panapousawazisha mti, na usikubali mnyororo wala waya wa chuma uguse shina, hata kama dereva anaapa kwamba amefanya hivyo miaka yote. Mti ukilazwa kwenye gari ushikiliwe sehemu mbili au zaidi, na kwa mnazi mwembamba funga ubao mrefu unaoanzia kwenye shina na kupita kilele, ili kichwa kisiyumbe barabarani. Kilele kinaweza kuvunjika ndani huku nje hakuna hata mchubuko. Mti utapandwa, utapigwa picha, na wiki kadhaa baadaye kuti changa la katikati litaanza kuinama pembeni; ukilivuta kidogo litatoka mkononi, limeoza chini na linanuka. Hapo mti umekwisha, na mara nyingi lawama huenda kwa maji au kwa udongo mpya.

Nimefika kwenye shimo, na hapa naomba uvumilie maelezo marefu. Sababu za kuchimba shimo refu kupita kiasi hufanana kila mahali: ama mtu anataka mti usimame bila nguzo, ama ana miti ya urefu tofauti na anataka vilele vilingane kwenye mstari, hivyo ile mirefu huzikwa zaidi. Kwa muda fulani ujanja huo huonekana umefaulu. Shina huwa imara, makuti hubaki mabichi kwa nguvu ya akiba, na mwenye mti hufurahi. Lakini kitako cha shina, ambako mizizi mipya inapaswa kutokea, sasa kiko mahali penye hewa kidogo, maji mengi na mara nyingi udongo mgumu. Mizizi hutoka michache na dhaifu, au huoza. Baadaye makuti mapya huanza kutoka madogo na ya manjano, kwa kuwa mti unakosa chuma na manganizi, na mtu hukimbilia kununua mbolea ya madini hayo ilhali udongo wenyewe huenda unayo ya kutosha. Mti uliozikwa hivyo unaweza kudhoofika kwa miaka mingi kabla ya kufa, na ndiyo maana wanaochimba mashimo hayo hawaoni matokeo ya kazi yao.

Panda kwa kina kilekile mti ulichokuwa nacho. Kabla ya kung'oa, chora alama kwa rangi kwenye shina, sawa na usawa wa ardhi, na mahali papya alama hiyo iwe sawa na uso wa udongo baada ya udongo kushindiliwa. Kosa la upande wa pili pia lipo, ingawa si la kawaida: ukiuacha mti juu mno, vinundu vya mizizi hukutana na hewa kavu na kusita kukua. Upana wa shimo utoshe bonge na nafasi ya mtu kushindilia pembeni. Kabla ya siku yenyewe, jaza shimo maji; yakiwa bado yamesimama siku inayofuata, tafuta mahali pengine au inua eneo lote kwa tuta pana, kwa sababu udongo usiopitisha maji hauponywi kwa kuweka kokoto chini ya shimo.

Rudishia udongo uleule uliotoka shimoni. Najua wengi huona vibaya kutoutajirisha kwa samadi, lakini samadi huoza na kunywea, mti ukazama pamoja nayo, na mpaka kati ya udongo wa aina mbili huzuia maji kupita vizuri. Rudishia kwa tabaka, kila tabaka ukilimwagilia maji mengi hadi liwe tope na kujaza mianya, kwa maana mzizi mpya unaokutana na mfuko wa hewa hukauka ncha yake. Dawa za kuchochea mizizi na unga wa ukungu rafiki, ule unaoishi kwenye mizizi na kuusaidia mti, huuzwa kwa ahadi kubwa. Binafsi ningeitumia fedha hiyo kulipia mpira wa maji.

Maji ndiyo huduma kuu kwa miezi minne hadi sita ya kwanza. Jenga tuta la udongo kuzunguka bonge, kwa upana unaozidi bonge kidogo, ili maji yashuke kwenye mizizi badala ya kukimbia. Udongo uwe na unyevu daima bila kuwa kinamasi. Usikisie kwa kuangalia juu: ingiza mkono au kijiti ndani ya bonge lenyewe, kwa sababu udongo wa pembeni unaweza kuwa umeloa huku bonge, hasa likiwa la mfinyanzi, limekauka katikati. Weka matandazo, ila yasiguse shina.

Nguzo huhitajika, na zikae kama mwaka mmoja. Zungushia shina magunia, juu yake panga vipande vifupi vya mbao, vibane kwa mikanda ya chuma au nailoni, kisha egemeza nguzo tatu au nne na uzipigilie kwenye vipande hivyo. Msumari usifike kwenye shina. Mnazi unaoyumba kila upepo ukivuma hukata mizizi yake michanga kila siku, nao ungeweza kunusurika kwa gharama ya mbao chache.

Mbolea isubiri hadi utakapoona ukuaji mpya, kwa kawaida baada ya miezi mitatu au minne. Kabla ya hapo hakuna mizizi ya kuinyonya, na chumvi yake inaweza kuunguza michanga inayojitokeza. Ili kujua kama mti unakua, chora mstari mmoja wa kalamu unaovuka kuti changa la katikati na kikonyo cha kuti lililo jirani. Mstari ukikatika, kipande cha kuti changa kikawa juu ya kile cha jirani, kuna ukuaji. Usifurahi mapema mno, kwa sababu kuti la kwanza linaweza kusukumwa na akiba ya shina pekee. La pili na la tatu yanayofunguka yakiwa na ukubwa wa kawaida ndiyo ushahidi wa mizizi. Makuti ya chini kukauka katika kipindi hiki si jambo la kutisha, na usiyakate yakiwa bado na kijani, kwa kuwa mti unahamisha madini yake kwenda kwenye makuti mapya.

Kuna hatari moja inayosahaulika kwa sababu haionekani siku ya kazi. Majeraha mabichi ya makuti na mizizi hutoa harufu inayowaita fukusi wa mitende, ambao mabuu yao hutafuna ndani ya shina na kilele. Fukusi mwekundu, mwenye asili ya Asia, alienea katika nchi za Bahari ya Mediterania kwa sehemu kubwa akiwa ndani ya mitende iliyosafirishwa ili kupandwa; barani Afrika yuko ndugu yake, na minazi pia ina mende aitwaye chonga anayetoboa kilele. Kagua mti kabla ya kuuhamisha: matundu yenye unga unaofanana na wa msumeno, majimaji ya kahawia yanayotiririka, au makuti ya katikati yaliyoinama upande mmoja ni sababu tosha ya kutousafirisha. Kama miti inavuka mpaka wa wilaya au nchi, uliza kwanza mamlaka ya afya ya mimea.

Umebaki mvumo. Huu, pamoja na mkoma na ile bismakia ya Madagaska yenye makuti ya rangi ya fedha, ni katika aina zisizopenda mizizi yake kuguswa, na hapa ndipo hoja ya kukata mapema inapopata nafasi yake. Kama ni lazima uhamishwe, chimba mtaro kuzunguka nusu ya mti kwa umbali mkubwa kuliko wa minazi, kata mizizi kwa makali, rudishia udongo na umwagilie. Wiki sita hadi nane baadaye fanya nusu ya pili, kisha ngoja tena muda kama huo uone mizizi mipya ndani ya bonge kabla ya kuunyanyua. Hata hivyo uwezekano wa kuupoteza bado ni mkubwa, bonge lake litakuwa zito kuliko la mti mwingine wowote ulionao, na ratiba ya ujenzi huenda isikupe miezi hiyo. Ikiwa mchoro wa jengo haujapitishwa, mwombe msanifu asogeze ukuta wa upande huo. Na kama umekwisha kupitishwa na muda hautoshi, hamisha minazi na mtende, ukubali kuupoteza mvumo, na upande mbegu zake moja kwa moja mahali pa kudumu, kwa maana mche wa mvumo huzamisha chipukizi lake chini sana ardhini na haupendi kuhamishwa hata ukiwa mdogo.